Mwezi wa Mlisho kwa Bi Hidaya

Habari ya kufariki kwa Bi Hidaya niliipata kwa simu, nimesimama jikoni, kisu mkononi na kitunguu kimemenywa nusu. Mjukuu wake alinisalimia, akasema, "Bibi, Bi Hidaya ametutoka, tumezika leo asubuhi," na kabla sijamuuliza neno salio likamwishia. Simlaumu, ndivyo mambo yalivyo sasa. Lakini zamani kwetu Mafia mtu hakupewa habari ya msiba amesimama. Uliitwa nyumbani kwa kisingizio chochote, ukawekwa kitako, ukapewa maji, watu wakajaa kwanza ndani na nje, na hapo ndipo mmoja mwenye ulimi mpole akakusogelea na kukwambia. Mpaka wakati huo kila mtu alijua isipokuwa wewe, na kila mtu alikuwa na wajibu wa kukuonea huruma na kukudanganya. Bi Hidaya angechukia sana kutangazwa kwa sentensi moja. Mwanamke yule hata bei ya muhogo hakuitaja kwa sentensi moja.

Khitma ya arobaini nikaenda kijijini kwake, Kanga. Wanawake wa wakati wetu tumebaki wachache, tukajibana chumba kimoja kama tulivyozoea, na wali ulipokuwa unapakuliwa mmoja wao akaniambia, "Saumu, hebu wasimulie hawa wasichana ule msiba wako." Wasichana wakatabasamu kwa adabu, wakijiandaa kuvumilia bibi zao wakitia chumvi. Nikasimulia kidogo, nikaona nusu yake hawaiamini. Njiani kurudi nikajiambia nitaiandika yote, na wasioamini waulize Kanga maadamu bado wapo wa kuulizwa.

Mlisho ndilo jina tuliloliita Shaabani, mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani, na sijaona mwezi wenye pilikapilika kama huo. Mwenye kuoza anaoza, mwenye kuezeka anaezeka, wanawake wanalipa siku walizokula Ramadhani iliyopita, na kila anayesubiri jibu anataka alipate kabla mwezi haujaandama, maana Ramadhani hakuna harusi. Ilikuwa miaka ya kwanza ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye maneno mengi kuliko akili. Katika Mlisho mmoja niliacha kazi, nikahama, nikaposwa, na nikatakiwa kuchagua kati ya mwanamume niliyempenda na kalamu. Miezi mingine ya mwaka ule imenichanganyikia kichwani, lakini huo naukumbuka hadi vyakula.

Kazi niliyoiacha ilikuwa ya kupiga taipu katika ofisi moja ya ushirika Kilindoni. Mambo ya nazi na mbata yalikuwa yanapangwa upya, makabati yakahamishiwa Bara, na mimi nikaambiwa niyafuate ama niage. Niliaga kwa furaha iliyomtisha Ami Mussa, baba yangu mdogo niliyekuwa nakaa kwake tangu nifiwe na wazazi. Tangu shuleni nilikuwa natuma makala magazetini na redioni. Chache zilitoka, nyingi zilimezwa, lakini nilikuwa nimejiaminisha kwamba mtu anaweza kuishi kwa kuandika bila kuwa karani wa yeyote, mradi awe na kakazi kengine ka kumnunulia sabuni na mafuta ya taa. Kanga walikuwa wanatafuta mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nikafunga sanduku. Mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa Bi Hidaya kwa sababu mbili alizozitaja waziwazi: ana chumba cha ziada, na hana mume wa kuombwa ruhusa.

Nilimpenda kabla hajafungua mlango, kwa sababu ya mlango wenyewe. Watu wa Kanga walikuwa wamehamishwa kutoka minazini, walikokuwa wakikaa huku na huku, wakajenga upya kando ya barabara kwa mstari. Nyumba zote zilikuwa zinanuka makuti mabichi na zote zilitazama barabarani, isipokuwa moja iliyoipa barabara mgongo. Hiyo ndiyo yake. "Waliniambia nyumba iwe kwenye mstari," alinieleza, "na iko kwenye mstari. Hawakuniambia itazame wapi." Viongozi walikuja kupima kwa kamba, wakakuta kweli imenyooka, wakanywa chai uani kwake wakaondoka. Nimekutana na watu wengi waliopinga mambo kwa kelele, na nimewaandika baadhi yao. Sijaona aliyepinga akabaki na amani na kila mtu namna ile.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba alizozisokota mwenyewe, msumari wa kutundikia buibui, na dirisha dogo linalotazama uani. Kati ya chumba hicho na cha kwake palikuwa na kiambaza cha makuti kisichozuia kitu. Asubuhi nililetewa chai ya mchaichai na muhogo wa nazi, nikakaa kitandani na ubao mapajani naandika, huku upande wa pili wanawake waliokuja kuazima ungo wakinijadili. "Anaandika nini huyo kila siku?" "Barua za mapenzi." "Kwa nani?" Na Bi Hidaya, bila kushusha sauti hata kidogo: "Kama ni za mapenzi, huyo mwanamume masikini ana kazi. Kurasa tatu kila siku, na jibu haliji!" Walicheka, nami nikacheka peke yangu upande wangu. Nilijifunza kusikiliza nikiwa nyuma ya kiambaza kile.

Kazi yake ilikuwa makumbi. Asiyeijua kazi hiyo nitamweleza kwa ufupi: maganda ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufukoni, maji yakijaa yanayafunika na yakitoka yanayaacha, na baada ya miezi mingi hulainika. Hapo mwanamke huyafukua, huyapiga kwa mti mpaka zibaki nyuzi tupu, akaziosha, akazianika, akasokota kamba. Harufu yake haina mfano, na Bi Hidaya alidai inaongeza hamu ya kula. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake ufukoni, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Watu walipohamia barabarani walibeba milango, vitanda, kuku, hata mawe ya jikoni. Mashimo hayabebeki. Kwa hiyo kila maji yalipotoka, wanawake wa Kanga walirudi kwa miguu mpaka pwani ya mahame yao, wakapita katikati ya misingi ya nyumba walizozibomoa wenyewe, kwenda kufukua walichokifukia walipokuwa bado wana anwani nyingine. Nilifuatana nao. Walikuwa wanaimba wakienda na wakirudi, ila pale penye misingi walinyamaza wote, bila kuambiana, kisha wakiisha kupita mmoja anaudaka wimbo palepale ulipoachwa.

Hiyo ndiyo niliyoiandika, mwanzoni mwa Mlisho, nikiwa mgeni wa siku chache. Nilimsomea Bi Hidaya akiwa anasokota kamba kwenye paja lake. Alisikiliza yote, akasema, "Umesahau kusema kwamba shimo langu ndilo kubwa." Nikamwambia si habari ya nani mkubwa. Akasema, "Basi weka tu." Nikaweka. Bahasha ikaenda na lori Kilindoni, kisha Dar es Salaam, kwa watu wa kipindi cha akina mama redioni, na ikanyamaza kama zilivyonyamaza nyingi kabla yake.

Haji nilimjua tangu Kilindoni. Alikuwa seremala wa Juani, kisiwa cha jirani, aliletwa pale ofisini kutengeneza madirisha manne, na madirisha hayo yalimchukua muda ambao fundi mwingine angejenga nyumba. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo alilipima kwanza, kama mtu mwenye ubao mmoja tu na hataki kuuharibu, na mara nyingi ulikuwa umeshaondoka ndipo jibu linatoka. Alikuwa anasoma nilichoandika, polepole, akirudi nyuma mstari kwa mstari, halafu anarudisha karatasi na kusema, "Hapa pamekaa vizuri." Nilimpenda kwa hilo peke yake, na mengine nikayapenda baadaye. Posa ilikuja mwanzoni mwa Mlisho, Ami akaikubali, na ndoa ikapangwa ifungwe kabla mwezi haujaandama. Bi Hidaya akanunua mchele wa harusi kwa kamba zake, akaufungia ndani kwake, akatangaza kwamba atakayeusogelea atamkata mkono.

Kisha mshenga akarudi kutoka Juani na neno la mama yake Haji, Bi Rehema, ambaye nilikuwa sijamwona. Alikuwa mjane, na nyumba nzima ilisimama kwa kauli yake. Hakuwa na neno na mimi, alisema mshenga, ila jina la mkwewe halitasomwa na watu asiowajua. Mwanamke anayetangazwa magazetini anaachia kila mtu mlango wa kumsema. Niache kuandika, mwezi huu huu, ama posa irudi. Nikamwuliza Haji. Akapima, akapima, akasema, "Mama utamzoea," akapanda mashua kurudi kwao. Iliniuma, na sioni aibu kusema hivyo leo. Nilitaka anigombee, au basi anigombeze, lakini yeye alikuwa ameniacha na sentensi isiyo na upande.

Nikamwendea Bi Hidaya uani nikamweleza, nikamwuliza yeye angefanyaje. Akaweka chini mti wa kupigia makumbi. "Mimi nimeolewa mara tatu," akasema. "Usiniulize habari ya kuolewa. Niulize habari ya kamba." Akarudi kupiga. Lakini siku ile alipika pweza wa nazi, chakula ambacho hakupika ila kwa mgeni mkubwa, akaniwekea sahani peke yangu, akakaa kunitazama nikila. Wakati ule nilitamani aniamulie. Watu wazima wote niliowajua walikuwa mabingwa wa kuwaamulia wengine, na yeye alikuwa na ulimi wa kumshinda kila mmoja wao. Imenichukua miaka kuelewa ilimgharimu nini kunyamaza, mwanamke aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, hata juu ya namna kuku wa jirani anavyotaga.

Mlisho ukawa unaishia. Redio haikujibu, magazeti hayakujibu, mshenga alikuwa Kilindoni anangoja. Nikapanda lori, nikamkuta barazani kwa Ami, nikamwambia awaambie Juani kwamba nimekubali. Nitaacha. Alinipongeza sana, akasema kesho alfajiri anaondoka na jibu. Niliingia ndani nikajilaza, na sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, kama mtu aliyetua mzigo akagundua kwamba hana kingine cha kubeba.

Yaliyotokea Kanga mchana ule ule niliyapata baadaye kwa vinywa vingi, nayapanga hapa yalivyofuatana. Redio nzima kijijini ilikuwa moja, ya Mzee Kassim mwenye duka. Betri zake zilikuwa kuukuu, akizianika juu ya bati kila asubuhi ili zipate nguvu ya kusema kidogo alasiri. Watu walikuwa wamekaa dukani wakisubiri taarifa ya habari, redio inakoroma, mara sauti ikatoka safi kabisa: "Saumu binti Shomari, wa Kanga, Mafia..." na betri zikaisha. Msomaji wa leo lazima ajue jambo moja. Siku zile jina la mtu wa kwetu halikutajwa redioni ila kwa kifo, na tangazo lilianza na jina la mfiwa, ndipo likafuata la maiti. Kwa hiyo wote pale dukani waliposikia jina langu walisema kwa pamoja, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nimefiwa. Na nani, hawakujua, lakini hilo halikumzuia mtu. Mzee Kassim akafunga duka. Mmoja akaenda pwani kumwita Bi Hidaya kwenye makumbi, na lori la jioni likabeba habari mpaka Kilindoni, na mashua ya usiku ikaivusha mpaka Juani. Kilindoni zilikuwepo redio nyingi, lakini saa ile ya kipindi cha akina mama wenye redio, ambao ni waume, walikuwa kazini au msikitini.

Ami Mussa alipata habari akitoka kuswali magharibi. Hakuniambia kitu. Mimi niliona tu kwamba mtu ambaye hakuwahi kunipakulia chakula ananiwekea kipande kikubwa cha samaki changu, anasema, "Kula, mwanangu. Kesho nitakusindikiza Kanga." Nikadhani amefurahia jibu langu. Asubuhi dereva wa lori alinikalisha mbele, akakataa nauli, na kila nilipogeuka walioko nyuma walikatiza mazungumzo. Tuliposimama Baleni mwanamke nisiyemjua akaja dirishani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akupe subira, mwanangu." Nikadhani anazungumzia ndoa. Nikamshukuru, nikamwambia nitajitahidi.

Kanga niliona mabenchi, majamvi, moshi wa masufuria makubwa, wanaume wamekaa kimya nje, nikajua kuna msiba. Wa kwanza niliyemfikiria ni Haji. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona amekaa mwisho wa benchi, kofia mkononi, mzima, ananitazama kwa huruma. Nilifurahi mno, furaha isiyo na adabu kwa mtu anayeingia msibani. Ndani wanawake walikuwa bega kwa bega. Karibu na mlango alikaa mama mmoja mrefu wa buibui jeusi, na kwa paji la uso lililofanana na la Haji nikajua ndiye Bi Rehema. Alikuwa amevuka maji na mwanawe tangu alfajiri, akapanda gari la watu, akaja kunizikia, mimi asiyenijua. Posa ilikuwa bado ina mgogoro, lakini kwetu mgogoro haukuwa sababu ya kukosa mazishi. Nyuma yake, uani, nilimwona mshenga. Walikutana naye pwani waliposhuka, na jibu langu alimpa palepale.

Bi Hidaya akanipokea, akanikalisha, akanishikisha kikombe cha maji. Macho yalikuwa mekundu. Wanawake wakaanza kulia.

"Nani?" nikauliza.

"Tulia kwanza, mwanangu."

"Bi Hidaya, nani?"

Akamtazama jirani yake. Jirani akamtazama Ami Mussa mlangoni. "Mimi nimeambiwa na dereva," akasema Ami. "Nilidhani nyinyi mnajua." Kutoka nje dereva akasema yeye ameambiwa na Mzee Kassim. Kilio kikapungua, kikakatika, na ukimya ukatembea kutoka ndani kwenda nje mpaka ukamfikia Mzee Kassim, aliyesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mimi nilisikia jina la mfiwa," akasema. "La maiti sikulisikia. Betri zilikwisha."

"Kassim!" Bi Hidaya alisimama wima. "Umenimalizia kuku wangu wote kwa nusu ya tangazo?"

Hajajibu, kengele ya baiskeli ikalia nje na sauti ikaingia kabla ya mwenyewe. Alikuwa Mwalimu Bakari wa shule ya Baleni, ambaye redio yake ilikuwa na betri mpya. "Hongera! Yuko wapi mwandishi wetu? Hongera sana!" Mzee mmoja akamkimbilia. "Mwalimu, taratibu, kuna msiba." "Msiba wa nani?" "Ndilo tunalouliza." Mwalimu akashangaa, akaeleza: jana alasiri, kipindi cha akina mama, wamesoma makala ndefu ya Saumu binti Shomari wa Kanga, Mafia, juu ya wanawake wa makumbi, na mtangazaji amesema anangoja nyingine.

Kwa muda hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Aliyeanza kucheka ni Bi Rehema. Alijifunika mdomo kwa ukaya wa buibui lake, mabega yakaanza kumtikisika, na chumba kizima kikamfuata, na nje wanaume wakapokea, mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia msiba gani huu. Mimi nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Walikuja wote hawa, kutoka kila upande, kwa ajili ya jina langu tu, wakipika kabla ya kujua wanampikia nani. Mpaka leo mtu akinisifia kitabu namshukuru, lakini sifa yangu kubwa niliipata siku ile kwa watu ambao walikuwa hawajasikia hata neno moja la nilichoandika.

Wakataka kukisikia. Nilikijua kwa moyo, nikakisema chote nimekaa pale pale na kikombe mkononi, na nilipofika penye misingi ya nyumba wanawake wa Kanga wakanyamaza vile vile wanavyonyamaza wakipita. Nilipomaliza Bi Hidaya aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Na Bukoba wamesikia? Habari ya shimo langu?" Mwalimu Bakari akamwambia wamesikia, Bukoba, Songea na kila mahali. "Kwamba ndilo kubwa?" Kwamba ndilo kubwa. Akajifunika uso kwa kanga yake akalia, mwanamke ambaye waume watatu hawakumliza mbele za watu.

Lakini hakukaa sana. Akajifuta, akaangalia sinia zinazoingia, akasema, "Sikilizeni. Wali huu mnaoula ni mchele wa harusi ya huyu. Nimeupika wote, sina mwingine, na mwezi ndio unaandama. Sheikh yupo. Walii yupo. Mume yupo, na mama yake ameshavuka maji. Mnangoja nini?" Watu wakashangilia. Bi Rehema akainamisha kichwa kwa heshima. "Mimi sina kipingamizi," akasema. "Jibu lake nimelipata njiani."

"Jibu gani?" akauliza Bi Hidaya. Nikamsogelea sikioni nikamwambia. Alinitazama, na nilimwona akikusanya maneno, mengi, ninayoyajua na nisiyoyajua. Akayameza yote. Akaniletea udi, akanitandia kanga mpya kichwani, kisha akajiweka kati yangu na Bi Rehema, akanipa mgongo, ili asinisemee mtu, hata yeye mwenyewe. Kati ya mambo yote aliyonifanyia, hilo ndilo nililolililia kwenye khitma yake.

Sheikh akaja mlangoni na Ami na mashahidi. Akaniuliza kama naridhika kuolewa na Haji. Nikasema naridhika. Akaniuliza mahari, kama anavyoulizwa kila mwanamke, na kila mtu chumbani alijua jibu: kitanda, kanga, fedha kidogo. Nilikuwa nautazama mgongo wa Bi Hidaya.

"Meza," nikasema.

"Meza ya chakula?"

"Ya kuandikia."

Nikasikia Bi Rehema akivuta pumzi. "Binti, jibu lako nimelipata," akasema, si kwa ukali.

"Nililituma, mama. Nisamehe. Nalirudisha."

Sheikh alikohoa. Akasema mahari ni haki ya mwanamke, yeye hawezi kuyapunguza wala mama mkwe hawezi, na wa kuyakubali au kuyakataa ni mume peke yake. Akatoka. Tukamsikia akiwarudia wanaume neno kwa neno: meza, ya kuandikia. Chumba kizima kikaegemea kiambaza, na Bi Rehema naye akaja upande wangu, akaegemea, bega lake likagusa langu. Haji alikuwa anapima. Nikajiambia hili nalo litatoka nikiwa nimeshaondoka. Mtu mmoja nje akamwambia, "Sema, bwana." Akazidi kupima. Halafu sauti yake ikapita kwenye makuti, ya taratibu, sauti ya fundi akiwa na mteja:

"Muulizeni anataka ya droo ngapi."